Njia ya Rwenzori tuitunze sasa, tusingoje amani

Wiki iliyopita nilikwenda kuzungumza na familia zilizokimbia kutoka sekta ya Rwenzori, ambazo sasa zimepokelewa na jamaa zao hapa Butembo. Nilikwenda kwa habari ambazo wasikilizaji wetu wanazijua: chakula, maturubai, karo ya watoto. Katika ua wa nyumba moja nilimkuta mzee amechuchumaa, ana kijiti mkononi, anachora chini. Wajukuu watatu walikuwa wamemzunguka. Nilidhani anawafundisha hesabu. Kumbe alikuwa anawapandisha mlima.

"Hapa ni Mutsora," aliwaambia. "Hapa mashamba yanaisha, msitu unaanza. Hapa ni Kalonge, tunalala. Kesho yake hakuna kuondoka mpaka kila mtu amekunywa chai."

Nilimuuliza, "Mzee, ulifanya kazi huko juu?"

Akanyoosha mgongo akacheka kidogo. "Mwanangu, mgongo huu umebeba unga, mafuta ya taa na masanduku ya wazungu mpaka mahali ambapo maji yanakuwa mawe."

Kisha akayarudia majina kwa wajukuu, mmoja baada ya mwingine, akiwataka wayaseme pamoja naye: Kalonge, Mahangu, Kyondo, Moraine. Mdogo kuliko wote, ambaye kwa maelezo ya mama yake alizaliwa baada ya familia kuhama, alikosea jina la tatu. Mzee akafuta mchoro kwa kiganja na kuanza upya.

Nimeandika habari nyingi za vita katika miaka hii, na bado nitaziandika. Leo naomba ruhusa yenu nitoe maoni yangu kuhusu mchoro ule. Nasema hivi: njia ya kupanda Rwenzori kutoka Mutwanga ni mali yetu kama shamba la kakao lilivyo mali, na iko karibu kupotea. Haipotei kwa sababu ya matope na majani peke yake. Inapotea kwa sababu wanaoijua wanazeeka wakiwa mbali nayo, na vijana waliopaswa kuirithi hawajawahi kuikanyaga.

Kwa wale ambao hawajafika huko, nieleze kidogo. Asubuhi isiyo na ukungu, mtu akisimama Beni na kutazama mashariki, anaona ukuta mweusi wa milima, na siku nyingine juu yake kuna weupe. Ule si wingu. Ni theluji. Kilele cha juu kinaitwa Margherita, kina mita 5,109, na kiko mpakani mwa nchi yetu na Uganda. Katika Afrika nzima, Rwenzori inapitwa na Kilimanjaro na mlima Kenya tu. Katika Kongo yote, kuanzia Moanda baharini mpaka huku kwetu, hakuna ardhi iliyo juu kuliko ile. Jina lenyewe ni la wenyeji: nzururu ni theluji, na Rwenzururu ni mahali pa theluji. Wazee wa Wakonzo husema kwamba huko juu anakaa Kitasamba, na kwamba mtu hapandi kwake kwa fujo.

Upande wetu, mlima uko ndani ya mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 ikiitwa mbuga ya Albert. Njia inaanzia Mutsora, kituo cha mbuga kilicho karibu na Mutwanga, ukiwa umeiacha barabara ya Beni–Kasindi. Kwanza unapita mashamba, kisha msitu wenye joto na unyevu, ukifuata bonde la mto Butahu. Usiku wa kwanza ni Kalonge, juu kidogo ya mita 2,000. Siku ya pili ndiyo inayowavunja wengi. Unapita mianzi, halafu miti iliyovikwa majani mabichi kama manyoya ya mbuzi, na mizizi inayoteleza kama samaki. Hukanyagi ardhi, unakanyaga mizizi, na chini ya mizizi kuna shimo. Unafika Mahangu, juu ya mita 3,000, ukiwa umelowa hata kama mvua haikunyesha. Siku ya tatu ni Kyondo, juu ya mita 4,000, mahali penye lobelia zinazosimama kama nguzo kuliko kimo cha mtu. Kutoka huko unaona maziwa madogo yenye majina ya rangi: Jeusi, Kijani, Kijivu na Jeupe. Mbele yake ni Moraine, kisha barafu. Kwenda na kurudi ni siku tano au sita, na mguu hauoni lami hata mara moja.

Njia hii haikuvumbuliwa jana. Tarehe 18 Juni 1906 mwana wa mfalme kutoka Italia, Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, alifika kileleni akipitia upande wa Uganda. Mwaka 1932 Wabelgiji walituma msafara wao wakiongozwa na Xavier de Grunne, nao wakapitia upande wetu. Vitabu vinataja majina ya waliofika na vyeo vyao. Waliobeba unga, hema, kamba na kuni, ambao walijua mto upi unavukika saa ngapi, hawatajwi sana. Mzee niliyemkuta uani ni wa ukoo huo wa wasiotajwa.

Najua jibu ambalo wengine wenu mnalo tayari mdomoni. Mtasema, mwandishi, watu wanauawa mashambani, na wewe unatuletea habari za kutembea mlimani? Utalii wakati wa vilio?

Swali hilo ni la haki, na sitalikwepa. Tangu Oktoba 2014 wilaya ya Beni inazika watu wake. Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 moto ulifika miguuni pa mlima wenyewe: Loselose, Mwenda na vijiji vya jirani. Watu waliacha kakao ikiwa imeiva mtini. Tangu katikati ya 2024 tumewapokea pia ndugu kutoka kusini mwa Lubero, kutoka Kanyabayonga, Kaina na Kirumba, waliokimbia mapigano ya M23. Hakuna anayehitaji kuwafundisha watu hawa kutembea. Nimezungumza na mama aliyetembea siku mbili na usiku mmoja akiwa na mtoto mgongoni, bidoni mkononi na sufuria kichwani. Ukimwambia kwamba kuna mtu analipa dola ili atembee siku sita kwenye matope, atakutazama kama mwenda wazimu.

Lakini sikilizeni jambo moja alilosema mama huyo. Nilipomuuliza anakumbuka nini zaidi katika safari ile, hakutaja njaa. Alisema, "Hatukuijua njia." Walifuata watu, na watu wale walikuwa wakifuata watu wengine. Walipofika mtoni hakuna aliyejua mahali pa kuvukia. Kijana mmoja wa kijiji cha karibu ndiye aliyewavusha, na hakutaka hata franka moja. Anayeijua njia ni akiba ya watu wote, wakati wa amani na wakati wa kukimbia. Kwa hiyo sikubali kwamba maarifa ya njia ni anasa ya wazungu.

Hapa niseme wazi ili mtu asinielewe vibaya: simwambii yeyote apande mlima leo. Asiende kijana kwa kujaribu, wala mwanafunzi kwa picha ya simu. Msitu wa Rwenzori umepitwa na watu wenye silaha, na wajibu wa kusema lini njia iko salama si wa mwandishi. Walinzi wa mbuga wamelipa gharama kubwa. Mei 2018 mlinzi wa kike aliuawa na wageni wawili wakatekwa katika sehemu ya kusini ya Virunga, mbuga ikafungwa kwa wageni mpaka Februari 2019. Aprili 2020 walinzi 12 waliuawa kwa siku moja karibu na Rumangabo. Ninachosema si kupanda. Ninasema kutunza, ili siku ya kupanda ikifika tusikute mikono mitupu.

Jambo hili limeshatokea, na halikutokea mbali. Limetokea mgongoni mwa mlima huu huu.

Upande wa Uganda, Wakonzo ni ndugu zetu. Sisi Wanande, ambao wengi tunajiita Bayira, tunaelewana nao kwa lugha bila mkalimani. Mwaka 1987 waliunda shirika lao la kuongoza wageni mlimani, Rwenzori Mountaineering Services, lenye makao karibu na Nyakalengija, wilaya ya Kasese. Waongozaji na wabeba mizigo walikuwa watoto wa vijiji vya chini ya mlima. Mwaka 1991 serikali yao ikaufanya mlima mbuga ya taifa, na mwaka 1994 ukaingia katika urithi wa dunia. Halafu, Novemba 1996, ADF wakashambulia Mpondwe, ng'ambo tu ya Kasindi. Ndiyo, ADF hao hao. Wakaingia mlimani. Vijiji vikakimbia, watu wakajaa kambini Kasese na Bundibugyo. Mwaka 1997 njia ikafungwa, na ikabaki imefungwa mpaka 2001.

Miaka minne. Bila shaka walikuwepo Kasese watu waliosema kwamba habari ya mlima imekwisha. Lakini njia ilipofunguliwa, shirika la wenyeji lilikuwa bado lipo. Waongozaji walijulikana kwa majina. Hawakuhitaji kuanza kwa kumtafuta anayejua mahali pa kuvukia Mubuku. Leo mgeni anayetaka kupanda Rwenzori anatua Entebbe, anakwenda Kasese, na fedha yake inalala huko: kwa mwongozaji, kwa mbeba mizigo, kwa mama anayeuza ndizi na maharage. Tangu hapo imefunguliwa pia njia nyingine kupitia Kilembe. Mlima ni ule ule na waasi walikuwa wale wale. Sisemi kwamba hali yetu ni sawa na yao. Yetu imedumu zaidi na imekula watu wengi zaidi. Ninasema wao walikuwa na kitu cha kurudia. Sisi, tukifunguliwa kesho, tuna nini?

Kuna pia mfano wa upande wa pili, wa watu ambao njia yao ilifunguliwa bila wao. Huu uko mbali nasi, lakini unatuhusu. Marekani, katika jimbo la Arizona, kuna korongo kubwa la jangwani linaloitwa Grand Canyon. Fikirini mlima uliopinduliwa: unaanza juu, unashuka zaidi ya mita 1,300 mpaka mto Colorado ulio chini, kisha lazima upande tena kurudi ulikotoka. Hakuna msitu wala matope. Kuna mawe, vumbi na jua kali, na wakati wa joto watu hupoteza maisha huko kwa kukosa maji. Mlima hukuchosha kwanza ndipo ukakurudisha nyumbani kwa mteremko. Korongo hukubembeleza kwa mteremko, halafu likakudai ukiwa umechoka. Ndiyo maana wasimamizi wa mbuga ile huwaonya wageni wasijaribu kushuka mpaka mtoni na kurudi siku moja.

Njia inayojulikana zaidi huko inaitwa Bright Angel. Haikuanzishwa na watalii. Ilikuwa njia ya Wahavasupai, watu waliolima bustani zao kwenye chemchemi katikati ya korongo. Mwishoni mwa karne ya 19 wachimba madini waliipanua, na mfanyabiashara mmoja, Ralph Cameron, akawa anatoza dola 1 kwa kila anayepita. Mwaka 1919 mahali pale pakafanywa mbuga ya taifa. Mwaka 1928 Mhavasupai wa mwisho aliyekuwa akiishi bustanini aliondolewa. Wageni wakaendelea kumiminika, hoteli zikajengwa, na wenye njia wakaitazama kutoka mbali. Ni mwaka 2022 tu ambapo mahali pale palirudishiwa jina lao, Bustani za Havasupai. Ilichukua zaidi ya miaka tisini kurudisha jina peke yake.

Mfano huu nimeuleta kwa makusudi, kwa sababu najua jinsi mbuga inavyozungumzwa Beni na Butembo. Wengi wenu mnaijua kwa ugomvi: mipaka, mashamba yaliyokatwa, wavuvi wa Ziwa Edward waliokamatwa, kuni. Sitasema malalamiko hayo ni ya bure. Lakini kuikasirikia mbuga ni jambo moja, na kuuachia mlima ni jambo lingine. Tukikaa kando kwa hasira, njia haitakufa kabisa. Itafunguliwa siku moja na watu wenye fedha, watakaokuja na waongozaji wao na wapishi wao, na watoto wetu watauza mayai barabarani. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hawezi kupona kama siku mgeni anafika yeye hayumo hata kwenye daftari.

Na tusidhani kwamba mlima haujawahi kutupa kitu. Tangu 2013 Mutwanga ina umeme unaotokana na maji ya mlimani, na taa hizo zimeendelea kuwaka hata katika miaka mibaya. Maji ya Butahu ni theluji na mvua ya juu, yakipita mahali ambapo mzee wetu alikuwa akipumzisha mzigo.

Sasa, ni maarifa gani tunayozungumzia? Mtu anaweza kusema njia ni njia, ukiifyeka inaonekana. Nilimuuliza mzee, naye alinipa somo la saa nzima. Nitalifupisha.

La kwanza ni maji. Mto ambao asubuhi unafika magotini, jioni baada ya mvua unafika kifuani. Mwongozaji hatazami mawingu ya pale aliposimama tu, anatazama mawingu ya juu, mahali mto unakotoka. Kenya wamejifunza hili kwa machozi. Karibu na Naivasha kuna korongo liitwalo Ol Njorowa, ndani ya mbuga ya Hell's Gate, ambako familia na wanafunzi huenda kutembea. Mwaka 2012 maji ya ghafla yaliwachukua vijana wa kundi la kanisa. Septemba 2019 yakachukua tena watu saba. Mvua inaweza kunyesha mbali, na maji yakakufikia mahali ulipo ukiwa bado unapiga picha. Kule ndiko mtu anaelewa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu si methali ya kumtisha mtoto.

La pili ni kichwa. Mtu akipanda haraka juu ya mita 3,000, damu haipati hewa ya kutosha. Huanza na maumivu ya kichwa, kukosa hamu ya kula, kutapika. Akianza kuyumba kama mlevi au kuzungumza maneno yasiyoeleweka, dawa ni moja: ashushwe, usiku huo huo kama inawezekana, wala asisubiri kilele kwa sababu amelipa. Mzee alisema wenye nguvu nyingi ndio waliougua zaidi, maana walikuwa na haraka.

La tatu ni baridi. Vijana wetu wa bonde hawaijui baridi inayoua. Nguo kavu moja inabaki ndani ya mfuko wa plastiki na haiguswi mpaka usiku, hata kama unatetemeka njiani. Buti za mpira zina faida kuliko viatu vya bei kubwa, kwa sababu matope hayaheshimu bei.

La nne ni mzigo. Hapa mzee alibadilika sauti. Wapo waliobeba kuliko nguvu zao kwa sababu walikuwa na njaa na hakuna aliyepima. Huko Tanzania, Kilimanjaro, mzigo wa mbebaji una kikomo cha kilo 20, na unapimwa kwenye mizani langoni. Kanuni hiyo haikushuka mbinguni. Ilipatikana baada ya wabebaji wengi kuumia na watu kusema inatosha. Sisi tungeweza kuiandika kabla mtu hajaumia.

Haya yote yako kichwani mwa wazee wachache. Mzee aliwahesabu wenzake waliopanda pamoja. Alitumia vidole vya mkono mmoja na vikabaki. Wengine wamekufa kwa uzee, wengine waliuawa shambani, mmoja yuko Kasese, mmoja hajui alipo.

Kwa hiyo napendekeza mambo ambayo hayahitaji amani kamili, wala bajeti ya Kinshasa.

Kwanza, tuandike daftari la waongozaji na wabeba mizigo wa zamani, popote walipokimbilia: Butembo, Beni, Oicha, Kasindi, Bulongo. Jina, kijiji, miaka ya kazi, njia anayoijua. Daftari hilo likae kwa watu wanaoaminika, lisitangazwe ovyo, kwa sababu za usalama ambazo kila mmoja wetu anazielewa.

Pili, redio zetu za jamii zirekodi sauti zao. Dakika kumi kwa kila mmoja zinatosha kuanzia. Waseme majina ya mahali kwa Kinande na maana zake, mito, mapango ya kujikinga mvua, mimea ya dawa na mimea ya sumu. Simu ya kawaida inarekodi. Kama hatuna fedha ya kununua chochote, sauti ya mzee haiuzwi.

Tatu, kamati ya vijana wa sekta ya Rwenzori, wavulana kwa wasichana, ianze kujifunza mambo yanayofundishika bila kupanda: huduma ya kwanza, kubeba mgonjwa kwa machela, kutumia redio ya mawasiliano, kusoma ramani, Kiingereza na Kifaransa cha kazi. Hakuna hata moja kati ya haya litakalopotea bure. Kijana anayejua kumbeba mgonjwa kwa machela anahitajika kijijini hata leo.

Nne, wakubwa wa mbuga na viongozi wa sekta wakae na kamati hiyo mapema, na makubaliano yaandikwe kabla ya dola ya kwanza kuingia: wenyeji wachukuliwe kwanza, malipo ya siku yajulikane, mzigo upimwe, anayeumia kazini atibiwe. Ahadi za mdomo tumezipata za kutosha.

Tano, na hili ni kwa familia zilizokimbia. Najua mnafikiria chakula cha jioni. Lakini kama ndani ya nyumba yenu yupo mzee aliyepanda, au mama aliyepika kwa wasafiri, au baba aliyekuwa mlinzi, mwambieni awasimulie watoto. Mtoto aliyezaliwa ukimbizini anaijua Mutwanga kama mahali pa kuogopa tu. Ana haki ya kuijua pia kama mahali penye njia inayopanda mpaka kwenye theluji.

Na tusichelewe, kwa sababu theluji yenyewe haitusubiri. Watafiti walipopima mwaka 2003, barafu ya Rwenzori yote, upande wetu na upande wa Uganda, ilikuwa imebaki chini ya kilometa 1 ya mraba, sehemu ndogo tu ya ile iliyokutwa mwaka 1906. Tangu hapo imeendelea kupungua. Mzee alisema mahali ambapo yeye aligusa barafu akiwa kijana, miaka ya mwisho ya kazi yake palikuwa mwamba mtupu. Hakuwa amesoma utafiti wowote. Alikumbuka tu mahali alipoweka mguu.

Nilipokuwa naondoka, nilimuuliza kama anaamini atarudi. Aliangalia mchoro wake uliokuwa umeanza kufutwa na kuku. "Mimi, sijui," alisema. "Miguu imekataa. Lakini hawa," akawaonyesha wajukuu, "hawa nataka siku wakifika Kalonge wawaambie wengine: msiondoke mpaka kila mtu amekunywa chai."

Yule mdogo akaokota kijiti. Akachora mstari mrefu unaopinda, akaweka nukta, akaanza kuhesabu: Kalonge, Mahangu, Kyondo, Moraine. Safari hii hakukosea.